KAZI ZA UTAFITI ZA MUDA NA NAFASI ZA MASOMO KWA WANAFUNZI WA SHERIA

Maelezo kwa wanafunzi, wazee wao, na wale wanaowapa kazi

Kabla ya mwaka 1998, kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka shahada ya sheria alilazimika kuvuka bahari. Aghalabu alikwenda Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Sheria ndicho kilichokuwa cha kwanza kufunguliwa chuoni hapo mwaka 1961. Tangu kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu mwaka 1998, masomo hayo yamesogea karibu na nyumbani, na kwa hivyo suala moja limekuwa likiulizwa na wanafunzi na wazee wao: Je, inafaa mwanafunzi wa sheria afanye kazi wakati bado anasoma? Na ikiwa inafaa, ni kazi ya namna gani?

Makala haya yanakusudia kulijibu suala hilo kwa kuiangalia kazi moja makhsusi, nayo ni kazi ya utafiti ya muda. Jibu kwa ufupi ni kwamba inafaa, tena inafaa sana, kwa masharti matatu: iwe na makubaliano ya maandishi, ihifadhi siri za watu, na isile saa za masomo yenyewe.

1. Kazi yenyewe ni ipi

Kazi ya utafiti ya muda ni ile anayopewa mwanafunzi kwa saa chache za wiki, au kwa miezi ya likizo, ili amsaidie mtu au taasisi inayotafuta jibu la suala la kisheria. Anayetoa kazi huweza kuwa mhadhiri anayeandika kitabu, wakili anayetayarisha rufaa, mtaalamu mgeni, taasisi ya Serikali inayopitia sheria, au jumuiya inayotoa msaada wa kisheria kwa wanyonge. Mwanafunzi hutafuta sheria na hukumu, huzisoma na kuzifupisha, huhakiki rejea zilizomo katika mswada, hunukuu mahojiano yaliyorekodiwa, hufasiri, na hupanga kumbukumbu.

Kazi hii haina fakhari. Siku nzima huweza kwisha kwa kutafuta jalada moja na lisionekane. Hata hivyo, ndiyo inayomfundisha mwanafunzi jambo ambalo mhadhara peke yake hauwezi kumfundisha, yaani kutoliamini neno mpaka aone lilipoandikwa. Mwaka 2023 mahakama moja ya shirikisho mjini New York, Marekani, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa sababu waliwasilisha hoja zilizotaja hukumu zisizokuwapo duniani. Hukumu hizo zilikuwa zimetungwa na programu ya kompyuta, na mawakili hawakuzihakiki. Mwanafunzi mmoja aliyezoea kufungua vitabu na kulinganisha angeligundua kosa hilo kabla ya jua kuchwa.

2. Kwa nini sheria ya Zanzibar inahitaji watafiti

Zanzibar ina Katiba yake ya mwaka 1984, Baraza la Wawakilishi lililoanza kazi mwaka 1980, na Mahakama Kuu yake. Mambo yasiyo ya Muungano hutungiwa sheria hapa hapa. Pamoja na hayo, vitabu vingi vya sheria vinavyosomwa vyuoni vimeandikwa kwa kuzingatia sheria za Tanzania Bara, na hapo ndipo msomaji asiye makini hupotea.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anaagizwa atafute msimamo wa sheria kuhusu mgawanyo wa mali baada ya talaka. Akifungua vitabu atakutana haraka na shauri mashuhuri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Ni hukumu nzito. Lakini inafasiri Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na sheria hiyo haitumiki Zanzibar. Hapa kwetu masuala ya ndoa na talaka ya Waislamu hupelekwa Mahakama ya Kadhi, na kwa mujibu wa Katiba ya Zanzibar mashauri yanayoanzia huko humalizikia Mahakama Kuu ya Zanzibar, wala hayafiki Mahakama ya Rufani. Mwanafunzi atakayeishia kwenye shauri la Bi Hawa atakuwa ameleta jibu sahihi la suala jingine. Na akichukua Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1985 akadhani amefika, atakuwa bado njiani, kwani nafasi yake ilichukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2017.

Hali ni hiyo hiyo katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ni ya Tanzania Bara, ilhali Zanzibar inayo Sheria ya Umiliki na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 1992. Mwananchi anayegombania kiwanja au shamba la mikarafuu huweza kupoteza haki yake kwa sababu tu aliyemshauri alifungua kitabu kisichomhusu.

Aidha, sheria ya Zanzibar ina matabaka mengi, na kila moja lina mahali pake pa kutafutwa. Zipo Dikrii za zama za Usultani na himaya ya Kiingereza, zilizotangazwa katika Gazeti la Serikali ambalo historia yake inaanzia mwaka 1892. Zipo taarifa za mashauri ya zamani zinazoanzia na kesi za mwaka 1868. Zipo Dikrii za Rais baada ya Mapinduzi ya 1964, ikiwemo ile ya mwaka 1969 iliyounda Mahakama za Wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa. Kisha zipo Sheria za Baraza la Wawakilishi. Siku hizi hukumu nyingi na sheria nyingi zinapatikana kwa intaneti bila ya malipo, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, si kila kitu kimeingizwa huko, na kilichobaki makabatini hakitatoka wenyewe.

3. Elimu ya vyuo vya Kurani ni mtaji

Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba elimu waliyoipata utotoni katika vyuo vya Kurani haina nafasi katika kazi ya sheria ya leo. Dhana hiyo si sahihi. Majalada ya zamani ya makadhi yameandikwa kwa hati za Kiarabu, na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi walihukumu bega kwa bega katika zama za Masultani. Kitabu cha fikihi cha Minhaj cha Imam Nawawi kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyotegemewa mahakamani. Nyumba ya Nyaraka za Taifa iliyopo Kilimani ina hazina ya maandiko na vitabu vya Kiarabu ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003.

Mwanafunzi anayeweza kusoma hati hizo, akaelewa istilahi kama vile eda, fasikhi, khului, wakfu na mirathi, na hapo hapo akaweza kueleza kwa Kiingereza cha kitaalamu, ana ujuzi ambao hata vyuo vikubwa vya nje huutafuta kwa taabu. Bibi Erin Stiles wa Marekani alifanya utafiti wake katika Mahakama ya Kadhi ya Mkokotoni na kutoa kitabu mwaka 2009. Bibi Elke Stockreiter naye alizitumia kumbukumbu za mahakama za makadhi zilizohifadhiwa hapa kwetu, na kitabu chake kilitoka mwaka 2015. Kazi hizo ni za manufaa na zinastahiki kusomwa. Lakini inafaa vijana wetu wajiulize: ikiwa wageni wamejifunza lugha na kuvuka bahari ili wasome majalada yetu, sisi tunaoishi umbali wa nauli ya daladala tunangoja nini?

4. Kazi hizi hupatikana wapi

Mlango wa kwanza ni wahadhiri wenyewe. Mhadhiri anayeandika aghalabu huhitaji msaidizi, na humchagua mwanafunzi ambaye kazi zake za darasani ameziona kuwa safi. Kwa hivyo, maombi ya kazi huanza siku mwanafunzi anapoandika insha yake ya kwanza ya mwaka wa kwanza.

Mlango wa pili ni vituo vya msaada wa kisheria. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kilianzishwa mwaka 1992, na miongoni mwa waasisi wake alikuwa marehemu Profesa Haroub Othman, aliyefariki mwaka 2009. Pamoja na kuwasaidia wananchi na kuwafunza wasaidizi wa sheria, kituo hicho kilianza mwaka 2011 kutoa kitabu cha mwaka cha maandiko ya sheria za Zanzibar. Aidha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 imeipa kazi hiyo msingi rasmi.

Mlango wa tatu ni taasisi za Serikali, mathalan Tume ya Kurekebisha Sheria, ambayo kazi yake ni kuzipitia sheria zilizopo na kupendekeza marekebisho, pamoja na masjala za mahakama. Mlango wa nne ni afisi za mawakili.

Mwanafunzi asingoje tangazo. Aandike barua ya ukurasa mmoja, aeleze anasoma mwaka wa ngapi, anajua lugha zipi na ana saa ngapi kwa wiki. Aambatanishe kurasa tatu au nne za maandishi yake bora, na jina la mhadhiri mmoja anayeweza kumdhamini. Barua yenye kusema "nipo tayari kufanya kazi yoyote" haimwambii mwajiri chochote.

5. Makubaliano yawe kwa maandishi

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Inashangaza kuona mwanafunzi anayesoma Sheria ya Mikataba asubuhi, kisha jioni anaanza kazi ya miezi mitatu kwa ahadi ya mdomo. Haya humpata zaidi pale anayetoa kazi anapokuwa mtu anayemstahi, akaona haya kuuliza. Kuuliza si utovu wa adabu. Karatasi moja inatosha, mradi itaje mambo haya:

(a) Kazi inayotakiwa ni ipi, na itahesabiwa kuwa imekwisha lini.

(b) Saa za kazi kwa wiki, na ikiwa ruhusa itatolewa wakati wa mitihani.

(c) Ujira ni kiasi gani, hulipwa kwa saa au kwa kazi, na hulipwa siku gani. Kama hakuna ujira, iandikwe wazi kwamba ni kazi ya kujitolea na mwanafunzi atapata nini badala yake, ikiwa ni barua ya ushahidi, mafunzo au nauli.

(d) Gharama. Mwanafunzi wa Pemba anayeagizwa kwenda kusoma majalada Kilimani atalipiwa na nani boti, malazi na kunakilisha? Suala hili dogo limewatoa vijana wengi katika kazi nzuri.

(e) Jina lake litatajwa vipi. Kukusanya hukumu kwa kawaida hustahiki shukrani katika dibaji. Kuandika sura au sehemu yake ni jambo jingine, na humstahiki mtu kutajwa kuwa mwandishi mwenza. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 hulinda maandishi, lakini fikra na jasho la kutafuta havilindwi kwa namna hiyo. Kwa hivyo makubaliano ya mapema ndiyo kinga.

(f) Nani atabaki na maelezo, picha za majalada na sauti zilizorekodiwa baada ya kazi kwisha.

Wanaowapa vijana kazi nao wana wajibu. Ujira wa mwanafunzi usicheleweshwe kwa hoja kwamba "anajifunza". Kujifunza hakumlipii nauli, na mzee aliyeuza mazao yake ili amsomeshe hastahiki kumlipia tena gharama za kazi ya mtu mwingine.

6. Siri za watu na vibali

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Anayesoma jalada la talaka au la mirathi anaingia ndani ya nyumba za watu. Atakuta maneno ya ugomvi, maradhi, madai ya watoto na fedha. Ikiwa ni jalada la mwaka 1910, wahusika wameshatangulia, ingawa wajukuu wapo. Ikiwa ni la miaka ya karibuni, huenda mhusika ni jirani.

Vijana wengi hudhani kwamba kubadilisha jina kunatosha. Visiwa vyetu ni vidogo. Ukitaja kijiji, kazi ya mume, idadi ya watoto na mwaka wa talaka, hukumtaja mtu, lakini kila msomaji wa kijiji hicho ameshamjua. Mtafiti mwaminifu hubadilisha au huacha kila dalili isiyohitajika katika hoja yake. Vivyo hivyo, picha ya jalada iliyopigwa kwa simu haitumwi kwa rafiki, hata kwa sababu ya kuuliza maana ya neno moja. Mwanamke aliyekwenda kwa Kadhi kutafuta haki yake hakwenda kuwa mfano wa darasani kwa jina lake.

Kwa upande wa vibali, utafiti Zanzibar una utaratibu wake, mbali na ule wa Tanzania Bara. Mwanafunzi anayemsaidia mtafiti mgeni aombe kuona kibali kabla ya kuanza kuhoji watu, na anapokwenda kijijini aanze kwa sheha. Anayehojiwa aelezwe kazi ni ya nini, aulizwe kama anaridhia, na aachwe aende zake akikataa.

7. Saa za kazi na saa za masomo

Mshika mawili moja humponyoka. Tunashauri kwamba katika muhula wa masomo kazi isizidi saa kumi kwa wiki, na katika majuma ya mitihani isimame kabisa. Likizo ndiyo wakati wa kazi nzito.

Wanaosoma nje wawe na hadhari zaidi, kwani kwao jambo hili ni la sheria ya uhamiaji. Nchini Uingereza mwanafunzi wa shahada mwenye viza ya masomo kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Nchini Marekani mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa saa zisizozidi 20 kwa wiki ndani ya chuo chake wakati masomo yanaendelea. Kuvuka mpaka huo ili kupata fedha za mwezi mmoja huweza kumgharimu mtu masomo yote. Kusaidia utafiti ndani ya chuo ni miongoni mwa kazi zinazokaa vizuri ndani ya masharti hayo.

8. Milango inayofunguka baadaye

Faida kubwa ya kazi hii haionekani katika bahasha ya mwezi. Inaonekana pale mwanafunzi anapoomba nafasi ya masomo ya juu na kutakiwa barua ya mtu anayemjua. Mhadhiri aliyemfundisha pamoja na wanafunzi mia mbili ataandika kwamba alihudhuria. Mhadhiri aliyefanya naye utafiti ataandika alichokiona.

Nafasi zenyewe zipo. Mpango wa masomo wa Jumuiya ya Madola umekuwapo tangu mwaka 1959. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kimekuwa kikitoa tangu mwaka 2000 shahada ya uzamili ya haki za binaadamu na demokrasia kwa wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na huuhesabu kwa saa, nazo ni 2,800. Masharti kuhusu kazi zipi zinahesabika yasomwe kila mwaka, lakini mtu asiyeweka daftari la saa zake hatakuwa na cha kuhesabu.

Kwa wanaopenda kusimama na kusema, yapo mashindano ya mahakama ya mfano. Yale ya haki za binaadamu ya Afrika yalianza mwaka 1992, na yale ya Jessup ya sheria za kimataifa tangu mwaka 1960. Ushindi katika mashindano hayo hutegemea utafiti kabla ya ufasaha. Arusha nako kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binaadamu na Watu na Mahakama ya Afrika Mashariki. Jaji Augustine Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2020, alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania, na baadaye Rais wa hiyo Mahakama ya Afrika.

Na asiseme mtu kwamba maandishi ya mwanafunzi hayasomwi. Issa Shivji alichapisha andiko lake kuhusu matabaka katika Tanzania mwaka 1970, katika jarida la wanafunzi wa Dar es Salaam, na likazua mjadala ndani na nje ya nchi. Mwaka 1991 ndiye aliyeteuliwa kuongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Dk. Asha-Rose Migiro alifundisha sheria katika chuo hicho hicho, akapata shahada ya uzamivu Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992, na kuanzia 2007 hadi 2012 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Wazee wenye mabinti wanaosoma sheria walizingatie hilo wanapogawa nauli na muda wa kutoka nyumbani.

9. Muhtasari

Wanafunzi wanashauriwa watafute kazi ya utafiti kuanzia mwaka wa pili, watakapokuwa wameshajua kusoma hukumu, watie saini karatasi ya makubaliano kabla ya siku ya kwanza, waweke daftari la saa na la kila jalada waliloliona, kwa namba na tarehe, wahifadhi siri, na wasitaje hukumu ambayo hawakuisoma wenyewe.

Wazee wanaombwa wasiipime kazi hii kwa ujira wake wa mwanzo, ambao mara nyingi ni mdogo. Na wahadhiri, mawakili na wakuu wa taasisi wanaombwa, kila wanapoanza kazi inayohitaji macho ya pili, wamtafutie nafasi mwanafunzi mmoja na wamlipe kwa wakati.